Jinsi ya kuanzisha tawi la mashabiki wa Radio Caroline ukiwa Mwanza, bila meli na bila antena

Hili swali nimeulizwa sana, hasa na watu wa Bukoba na Musoma, kwa hiyo naandika mara moja tumalizane. Sisi hapa Mwanza tupo kumi na nne, tunashabikia redio ya Uingereza ambayo enzi zake ilikuwa inarusha matangazo toka kwenye meli baharini kwa sababu nchi kavu ilikuwa haina ruhusa. Tuna siku yetu ya kukutana, tuna daftari la michango, na tumeshagombana mara mbili mpaka watu wakatoka kwenye grupu, kwa hiyo usidhani ni mchezo. Na hapana, hamna hata mmoja wetu aliyewahi kufika Uingereza.

Watu wakitaka kuanzisha klabu wanaanza na katiba, mwenyekiti na fulana. Kwenye mpira hiyo inakubali, maana tawi la Simba au la Yanga hata viongozi wote wakilala mechi ipo tu na kibanda umiza kitajaa. Redio ya mbali haina mechi. Kitu mlichonacho ni ile saa moja mnayokaa kusikiliza pamoja, ikilegea hiyo basi mnabaki na grupu la watu wanaotumiana picha za ijumaa kareem na jumapili njema. Kwa hiyo we anza na saa.

Na hapo kwenye saa ndo pana mtego. Ratiba yao imeandikwa kwa saa za Uingereza, na wao kila mwaka wanasogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi alafu wanairudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi huku jua letu halina habari hizo. Alafu kuna Kiswahili chenyewe. Mwezi wa pili tangu tuanze, mzee wetu mmoja fundi cherehani aliona kwenye ratiba imeandikwa 10, akaja saa kumi jioni na chupa yake ya chai ya tangawizi, kumbe ile ni saa nne asubuhi ya kule, na kwa kuwa kwao ilikuwa msimu wa baridi huku kwetu ni saa saba mchana. Alitukuta tunapanga viti tuondoke. Hakununa, ila ile chai alirudi nayo.

Toka siku hiyo tuna kanuni ambayo nawapa bure: chukua saa yao, toa 3 kama ni msimu wao wa baridi, toa 4 kama ni msimu wao wa joto, jibu ni saa yetu ya Kiswahili. Yao 10, toa 3, saa saba. Yao 8 usiku mwezi wa saba, toa 4, saa nne usiku. Ikigoma kutoka ongeza 12 kwanza. Na kwenye tangazo la klabu weka saa za Kiswahili peke yake, ukiweka zote mbili umewatafutia watu kesi.

Kusikiliza ni intaneti, usidanganyike. Masafa wanayo, 648 masafa ya kati, walipewa leseni na mamlaka ya kule wakaanza kuyatumia mwezi Desemba 2017, na wale mliokuwa wasikilizaji wa BBC mtacheka maana hiyo 648 ilikuwa ya BBC World Service mpaka 2011. Lakini mtambo wao ni mdogo, umelengwa mashariki na kusini mashariki ya Uingereza, kuupata Mwanza kwa redio ya mkulima ni ndoto. Mzee fundi redio wetu alijaribu usiku kucha na waya mita thelathini toka kwenye mwembe mpaka kwenye paa. Alipata kelele, na kuna wakati alipata mahubiri. Intaneti.

Msiingie kila mtu na simu yake, mtamaliza mabando bure na kila simu itachelewa kivyake mpaka wimbo unasikika kama umeimbwa ndani ya pango. Simu moja, bluetooth, sabufa moja, basi. Kama mnapokea kilobiti 128 kwa sekunde basi saa nzima inakula kama MB 58 hivi, kwa hiyo saa tatu hazifiki MB 200, hiyo hela mtu anaipata hata kwa kuruka soda moja. Weka pawabenki pembeni na sabufa iwe ya kuchaji, maana TANESCO na ratiba ya Uingereza hawajawahi kukaa kikao pamoja.

Sehemu ya kukaa: sisi tulianza kwenye mawe upande wa Capri Point tukitizama ziwa, kwa sababu tuliona redio ya meli isikilizwe karibu na maji. Picha nzuri lakini mawe ya Mwanza saa saba mchana yanachoma, upepo unaimeza sauti, na watoto wanakuja kuuliza mnauza nini. Sasa hivi tunakaa uani kwa memba Kirumba, kuna kivuli, kuna choo, na mwaloni, pale wanaposhusha samaki, upo karibu kwa hiyo sato anapatikana. Kwenye maji tunaenda usiku tu, na si kila mara. Ukiwa pale ukaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga mbali huko kama mji mwingine, ndo unaelewa bila kuelezwa kwa nini mtu aliye nchi kavu anaweza kukipenda chombo asichokijua kwa sababu tu ya ile alama inayotoka majini.

Sasa memba unawapata wapi. Usipoteze muda kubandika matangazo Makoroboi, utapata watu wanaotafuta ajira. Nenda kwa wazee wa salamu. Wenye umri mnakumbuka kadi za salamu, mtu anajaza majina ya ndugu, majirani na "wote wanaonifahamu", anatuma redioni alafu anakaa na redio sikioni wiki nzima kusubiri lisomwe, na walikuwa na vyama kabisa, wanatembeleana mikoani, wanazikana. Hao watu wapo bado. Hawahitaji kufundishwa kwamba redio ni ndugu, wanachohitaji ni kupewa redio nyingine. Kundi la pili ni mafundi redio, kundi la tatu ni wanafunzi wa mambo ya habari kule Nyegezi, hawa wanakuja na moto ila mtihani ukikaribia wanapotea, wasamehe. Kwetu kumi na nne, wazee wa salamu ni wanane.

Memba mpya lazima apewe stori, na ampe mtu mmoja anayeijua vizuri, sio kila mtu aongeze chumvi yake. Sisi tunaanza hivi. Uingereza ya 1964 redio ya nchi kavu ilikuwa BBC tu, na BBC muziki wa vijana ilikuwa inaupimia kwa kijiko. Kijana mmoja wa Ireland, Ronan O'Rahilly, akapata feri kuukuu ya Denmark inaitwa Fredericia. Hapa mtu wa Mwanza anashika haraka, mwambie achukue feri kama ile ya Kamanga, aifunge mlingoti mrefu kuliko mnazi wowote, ndani atoe abiria aweke studio, alafu aende akatie nanga ng'ambo ya maili tatu ambako sheria ya nchi ilikuwa inaishia. Ndo walichofanya. Walitia nanga mbele ya Felixstowe na tarehe 28 Machi 1964, Jumamosi ya Pasaka, Radio Caroline ikaanza. Mwezi wa saba mwaka huohuo wakaungana na meli nyingine, Mi Amigo, ile feri ikaenda kaskazini karibu na kisiwa cha Man na Mi Amigo ikabaki kusini.

Kipande ambacho klabu yoyote lazima ikielewe ni cha tarehe 14 Agosti 1967. Serikali ilileta sheria, na ukiisoma vizuri unaona haikwenda kuizamisha meli, iliwabana walioko nchi kavu. Kuipelekea chakula na mafuta kosa, kuipa tangazo la biashara kosa, Mwingereza kutangaza humo kosa, hata kuchapisha saa za vipindi vyake ilikuwa kosa. Yaani serikali ilijua redio ya baharini inaishi kwa watu wa ufukweni. Redio nyingine za meli zilifunga, Caroline ikaendelea. Na kabla ya hapo watu wa pale Frinton walikuwa wanaegesha magari usiku kwenye ukingo wa bahari, mtangazaji Johnnie Walker anaongea nao hewani na wao wanamjibu kwa kuwasha na kuzima taa za gari. Mi hiyo ndo nairudia kila mara kwenye kikao kwa sababu inaonyesha shabiki anatakiwa afanye nini, awashe taa aonekane yupo.

Kuna sehemu ya stori ambayo Mwanza inabidi uisimulie kwa adabu. Mi Amigo ilizama usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Machi 1980, nanga ilikatika kwenye dhoruba, ikapigwa na mchanga, maji yakajaa, boti ya uokoaji ya Sheerness ikawatoa watu wote wanne pamoja na ndege wao wa kufugwa aliyeitwa Wilson, jina la waziri mkuu aliyewaletea ile sheria. Mlingoti ukabaki umesimama juu ya maji miaka kadhaa. Mara ya kwanza niliisimulia kwa mbwembwe, nimefika kwenye ndege nasubiri watu wacheke, mama mmoja akanyanyuka taratibu akaenda kusimama nje getini. Sikuelewa mpaka jirani yake akaniambia, mwanangu, yule mdogo wake alikuwa MV Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996, Mwanza nani hana mtu. Nikatoka nikamwomba radhi, akasema haina shida baba endelea, ila toka siku hiyo sehemu ya kuzama tunaisema kwa kifupi, tunaanza na kwamba wote walitoka salama, ndege tunamweka mwisho.

Baada ya hapo malizia: 1983 wakarudi na Ross Revenge, meli ya uvuvi iliyojengwa Ujerumani 1960 na kuvua maji ya Iceland, mlingoti wake wa futi 300 ulianguka Novemba 1987, na Novemba 1991 meli yenyewe ikakwama kwenye fungu la mchanga la Goodwin lakini ikaokolewa. Sasa hivi ni redio halali, watangazaji ni wa kujitolea, inaishi kwa michango ya wasikilizaji, meli imetia nanga mto Blackwater huko Essex, na toka 2015 wamekuwa na wikiendi za Caroline North ambazo zinatangazwa melini kabisa. Hizo wikiendi ndo za kukutana. Siku za kawaida kila mtu asikilize kwake akiosha vyombo.

Uongozi fanyeni mdogo. Mwenyekiti awe mzee anayeheshimika ambaye hapendi kuongea, katibu awe mwenye simu isiyozima, mweka hazina awe mama. Sijui kwa nini iko hivo ila iko hivo. Kama mnakutana tu kusikiliza na kula samaki hamhitaji kusajili kitu, lakini mkishaanza kushika hela ya watu muoneni afisa maendeleo ya jamii kwenye kata yenu, atawaelekeza namna ya kutambulika kama kikundi kwenye halmashauri, mtatakiwa katiba fupi, muhtasari wa kikao na majina ya memba. Mkitaka chama kamili cha nchi nzima hiyo ni habari ya Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, na mimi nasema subirini kwanza mfike miaka miwili bila kugombana.

Hela. Tulianza na elfu tano kwa mwezi kwa kila mtu, wengi wakashindwa, tukashuka elfu mbili na wote wakalipa, na jumla ikawa kubwa kuliko ya mwanzo. Weka kwenye akaunti ya kikundi ya simu ambayo kila memba anaona salio, sio kwenye namba ya mtu, hata awe mchungaji. Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa huo, hela haikuibiwa, mtu aliuguliwa na mtoto akaigusa alafu akaona aibu kusema, ikachukua miezi minne kurudi na urafiki haujarudi wote.

Ugomvi wa pili ni fulana. Jamaa mmoja mwenye mashine ya kuchapa mjini tulimpa kazi ya fulana kumi na tano, jina tumemwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, zikatoka zimeandikwa RADIO CAROLINA na chini yake kuna picha ya meli ya makontena. Alipoulizwa akasema Carolina ndo sahihi yeye ana shangazi anaitwa hivo. Nusu ya memba wakataka zirudishwe, nusu wakasema tuvae, mwenyekiti wetu asiyependa kuongea akaongea siku hiyo. Tumezivaa. Ila nyie msifanye fulana mwaka wa kwanza, na mkifanya mlipeni fundi nusu, na asichape yote kabla hamjaona moja.

Kuichangia redio yenyewe msitume kidogokidogo, makato yatakula kila kitu. Kusanyeni miezi sita, mtu mmoja mwenye kadi ya Visa ya benki atume kwa mkupuo kupitia ukurasa wao rasmi, apige picha risiti, aiweke kwenye grupu, na ile karatasi ya kiwango cha kubadili pauni ya siku hiyo ibandikwe kwenye daftari. Msione haya kwamba ni kidogo. Kuna mtu atawaambia mnapeleka hela Ulaya wakati choo cha shule ya mtaa kimejaa. Ana hoja, msimtukane. Sisi tulikubaliana kila tukituma huko, kiasi hichohicho kinabaki mtaani, mara ya mwisho tulinunua betri na redio mbili kwa wazee wawili wa Igogo ambao hawaoni vizuri, mmoja anasikiliza Radio Free Africa toka asubuhi mpaka anasinzia nayo, na ni haki yake.

Mkiwaandikia watangazaji andikeni kama watu. Tukaandika barua ya kwanza kama ya kuomba kazi, "kichwa cha habari chahusika", aibu tupu. Sasa tunaweka vitu vinne: tupo wapi, ilikuwa saa ngapi huku, tulikuwa tunafanya nini wimbo ulipopigwa, na tunaomba upi mwingine. Mistari sita inatosha. Mfano: tupo Mwanza kusini mwa Ziwa Victoria, saa nne usiku, mvua inapiga bati hatusikii vizuri tumesogeza sabufa juu ya debe la mchele. Mtangazaji aliyekaa peke yake kwenye meli ya chuma mtoni anakuelewa hapohapo.

Na sasa lile ambalo lazima atatokea mtu kulisema. Kwetu lilisemwa na kijana wa chuo, tena kwa kunong'ona: kwa nini na sisi tusiweke kamtambo kwenye boti tukarushie toka ziwani? Jibu ni hapana na mpe sababu asije akadhani mnamuonea wivu. Caroline iliwezekana kwa sababu baharini ukishavuka mpaka wa nchi unafika maji yasiyo ya mtu. Ziwa Victoria halina maji ya hivo, tone lolote ni la Tanzania, Uganda au Kenya, karibu nusu ni letu, ukitoka kwa huyu umeingia kwa yule. Kurusha bila leseni ni kosa kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, TCRA wana vifaa vya kukutafuta na vinakuona. Na hata baharini siku hizi mlango umefungwa, mkataba wa bahari wa Umoja wa Mataifa wa 1982 kifungu cha 109 unaruhusu nchi inayopokea hayo matangazo ikamate chombo. Kijana wetu alinyamaza kidogo akauliza, na tukiweka spika tu kwenye boti? Spika tu weka, ila vaa jaketi la kuokolea.

Sikukuu ya klabu iwe 28 Machi, msihangaike kutafuta nyingine. Sato wa kuchoma, ndizi, pilipili ya kutosha, stori ya feri ya Denmark kwa wageni, alafu redio. Kuna kitu kimoja tu cha kuangalia: hiyo tarehe inaangukia karibu na siku Waingereza wanaposogeza saa, na mwaka 2027 tarehe 28 Machi ni Jumapili na ndo siku yenyewe ya kusogeza. Jumamosi yake mnatoa 3, Jumapili mnatoa 4. Yule mzee wa cherehani nimeshamwandikia kwenye karatasi amebandika ukutani juu ya mashine, na nimemwambia safari hii chai aje nayo mapema.